Mzee Leodgar Magesa na Mistari Mitatu ya Pamba

Mzee wetu Leodgar Magesa alizaliwa tarehe 12 Juni 1937 hapa hapa Nyakisegwa, upande wa Kibara, ambako mtu akisimama mlangoni analiona ziwa na akigeuka analiona shamba. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Bernado Magesa na Mama Boke. Wawili waliomtangulia kuzaliwa walimtangulia pia kufa wangali wachanga, kwa hiyo alilelewa kama yai. Alibatizwa kabla hajafikisha mwezi mmoja, maana mama yake alikuwa na hofu.

Mzee Bernado alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kulima pamba katika kitongoji hiki, na alikuwa na msemo ambao watoto wake waliumeza kabla hawajaijua Baba Yetu: "Mti wa pamba uliokwisha kuvunwa ni gesti ya funza. Ukiuacha umesimama, umewatandikia kitanda." Basi kila mwaka kabla ya nusu ya Septemba, miti yote iling'olewa na mizizi yake, ikarundikwa, ikachomwa, shamba likabaki safi kama uwanja wa kanisa. Ilikuwa sheria tangu enzi za Mwingereza. Kwa Mzee Bernado ilikuwa amri ya kumi na moja.

Marehemu alianza shule ya misheni mwaka 1947 na kumaliza darasa la nne mwaka 1951. Waliosoma naye walipenda kusimulia kisa kimoja. Siku hiyo walikuwa wanamngojea mkaguzi wa shule, na Mwalimu Wenceslaus alikuwa ameamka alfajiri kuandika ubaoni somo zuri sana, kwa chaki za rangi. Leodgar alikuwa wa zamu. Alipofika na kuona ubao umeandikwa, alifanya kama alivyofundishwa: akaufuta, akaupaka majani ya maboga, ukawa mweusi tii. Mkaguzi alipoingia, Mwalimu akageuka kuonyesha somo lake, akauona ubao mtupu. Tangu siku ile wenzake walimwita Kifutio. Yeye mwenyewe alicheka jina hilo maisha yake yote, isipokuwa miaka mitano ya mwisho.

Alifaulu kuendelea na masomo, lakini baba yake aliugua miguu, na shamba halingoji mtu apone. Mwaka 1956 alikwenda Musoma kutafuta kodi ya kichwa, akapata kazi ya kubeba marobota kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, akapanga chumba Buhare pamoja na vijana wa Majita. Mwaka 1960 Mzee Bernado alifariki, naye akarudi nyumbani kushika jembe, wala hakuliachia tena.

Tarehe 24 Juni 1961 alifunga ndoa na Dafroza, binti wa Mzee Keraryo wa Nyamuswa. Ndoa hiyo nayo ina kisa chake. Alipopelekwa na wazee mara ya kwanza kwenda kuposa, ilikuwa mwishoni mwa Septemba, na wazee wa pande mbili wakaketi kubishana ng'ombe. Kijana akaambiwa akae pembeni. Pale pembeni akaliona shamba la pamba la mkwe wake mtarajiwa, limevunwa na miti bado imesimama. Alijizuia, akajizuia, akashindwa. Wazee walipokuja kushtuka, alikuwa amekwisha kung'oa karibu nusu, na ile suruali ya kuazima imejaa vumbi mpaka magotini. Mzee Keraryo akasema, "Huyu hata maji hajanywa, keshaning'olea shamba!" Akapunguza ng'ombe mmoja palepale. Mama Dafroza mpaka leo anasema yeye aliolewa kwa miti ya pamba.

Mungu aliwajalia watoto sita, na kifungua mimba ni Eufrasia, ndiyo maana wengi wetu tulimjua marehemu kwa jina la Baba Eufrasia.

Mwaka 1969 wakulima walimchagua kuwa mwenyekiti wa chama chao cha msingi. Alikuwa mwenyekiti katika miaka migumu, wakati sabuni ilikuwa kitu cha kusimuliwa, na pamba ilipimwa leo, mkulima akapewa stakabadhi, akaikunja akaiweka chini ya godoro, akangoja malipo mpaka karatasi inaliwa na mende. Waliochelewesha malipo walikuwa mbali. Aliyekuwa karibu ni yeye, kwa hiyo alitukanwa kwa niaba ya wakubwa. Alikuwa anasema, "Acheni waseme. Wangemwambia nani mwingine?"

Kisha likaja soko huria. Wanunuzi wa watu binafsi walifika na mizani yao na pesa mkononi, na watu wakawakimbilia, nani angewalaumu. Chama kikafa. Ghala likawa zizi la mbuzi. Mwaka 1996 hata bwana shamba wetu akapunguzwa kazini, akaenda Musoma kuuza dagaa. Sheria ya kung'oa na kuchoma ilibaki, lakini mtu wa kuikumbusha hakuwepo. Basi marehemu akaendelea kuikumbusha mwenyewe, bila cheo wala mshahara. Kila Septemba aliigonga ile rimu ya gari iliyoning'inia mbele ya ghala, watu wakajua siku ya kung'oa imefika. Kila kaya ilimsikia. Hakuwa na neno kubwa, ila neno lake halikuwahi kumtupa mtu.

Ndipo zikaja mvua za Elnino. Mmezishuhudia, hatuna haja ya kuzirefusha. Mwanzoni mwa mwaka 1998 ziwa lilipanda likaja kunywa maji na ng'ombe wetu zizini. Pamba ilisimama ndani ya maji, vitumba vikaoza vikiwa kijani, na mwezi wa sita hapakuwa na cha kuvuna isipokuwa harufu.

Mwezi huo huo gari la Serikali lilikuja, tukaitwa mkutanoni. Tukaambiwa kila mkulima ambaye pamba yake imeharibika atalipwa pesa ya kujikimu na kupewa mbegu, na wakaguzi watapita shamba kwa shamba kupima hasara. Watu walipiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Hakuna aliyetuambia kuhusu kung'oa wala kutong'oa.

Tukangoja wakaguzi. Mwezi wa saba ukapita, mwezi wa nane ukapita. Septemba ikaingia, na funza wakaanza kuonekana kwenye ile miti iliyooza. Marehemu akaenda kuigonga rimu.

Watu walikusanyika, na siku hiyo walikuwa na maswali. Shida, jirani yetu ambaye wote tunamjua, na hatagombana na sisi tukisema kwamba jembe lake halikuwahi kuisha makali, ndiye aliyeanza.

"Baba Eufrasia, si tungengojea wakaguzi kwanza?"

"Tangu lini wewe unangojea kitu kingine zaidi ya pombe kuiva?" mtu mmoja akamtania, watu wakacheka.

Mama Jenoveva hakucheka. Alikuwa mjane wa binamu wa Mzee Leodgar, na alimwita shemeji. Akasema, "Shemeji, una hakika? Mimi nina hili shamba tu."

Mzee Leodgar akamjibu, na maneno haya aliyarudia baadaye mara nyingi kama mtu anayetafuta alipokosea: "Shemeji, sheria ya kuchoma imewekwa na Serikali. Msaada unatolewa na Serikali. Itatunyimaje kwa sababu tumeitii? Wakaguzi ni watu wenye midomo. Watauliza, tutajibu. Kitongoji kizima kitasema uongo?"

Wakamwamini. Wakang'oa, wakarundika, wakachoma, na jioni ile moshi wa Nyakisegwa ulionekana mpaka ng'ambo ya ghuba. Shida peke yake hakung'oa. Hakuwa na ujanja wowote. Alikuwa kwenye pombe ya mtama kwa shemeji zake.

Wakaguzi walifika siku ya Alhamisi, tarehe 24 Septemba. Walikuwa vijana wenye adabu, wamevaa viatu vya mjini. Marehemu aliwapokea, akawatangulia shambani kwake. Yule mkubwa wao akasimama, akatazama huku na huku.

"Mzee, pamba iko wapi?"

"Iliozea majini, mwanangu. Tukang'oa, tukachoma, kwa sheria. Si unaona majivu haya?"

"Mimi naandika ninachokiona. Hapa naona shamba lililosafishwa."

"Ndiyo, limesafishwa. Lilikuwa pamba tupu, kuanzia ule mti mpaka kule majini. Waulize hawa wote."

"Nikianza kuandika maneno ya watu, mzee, nitaandika Tanzania nzima. Nipe kitu nipime."

Marehemu akainama, akachota majivu kwa mikono miwili, akamnyooshea. Kijana akarudi nyuma hatua moja, asichafuke.

"Mzee wangu," akasema kwa upole, na upole wake ndio uliouma, "majivu hayana ekari."

Wakazunguka kitongoji kizima. Kila walipofika ni safi, safi, safi. Mwisho wakafika kwa Shida, wakakuta miti imesimama, imeoza, imeinama, magugu yamefika kiunoni. Wakafurahi. Wakapima mpaka na sehemu ambayo Shida hakuwahi kupanda, kwa sababu magugu na pamba iliyokufa kwa mbali ni kitu kimoja. Katika Nyakisegwa nzima, mkulima pekee aliyeandikwa kupata hasara alikuwa Shida.

Jioni watu walirudi pale penye rimu bila kugongewa. Mama Jenoveva alisimama katikati. Hakupaza sauti.

"Shemeji Leodgar, ulisema tuchome. Tumechoma. Sasa watoto wangu wale majivu?"

Mtu mwingine nyuma akasema, "Kifutio! Ametufuta wote."

Hakuna aliyecheka.

Shida alilipwa. Akanunua baiskeli, akawa anapita nayo akipiga kengele hata mahali pasipo na mtu. Siku moja akasimama hapa nyumbani, akasema, "Baba Eufrasia, mimi nilikuwaga nachekwa kwa uvivu. Uone sasa, uvivu wangu umenilipa kuliko jasho lako." Lakini hana roho mbaya, na haki lazima isemwe mbele ya kaburi: kesho yake alirudi na debe la mahindi juu ya kerea ya baiskeli, akalishusha mlangoni, akaondoka. Marehemu akaliinua vilevile lilivyo, akalipeleka kwa Mama Jenoveva.

Mama Dafroza akamwuliza, "Na sisi tutakula nini, Baba Eufrasia?"

"Tutakula tulichokula jana."

"Jana tulikula udaga wa muhogo kwa chumvi."

"Basi unakijua," akasema.

Mama Jenoveva aliyapokea yale mahindi kwa sababu ya watoto, lakini hakumpa mkono. Kabla ya Krismasi aliwauza ng'ombe wake wawili wa kulimia, wale aliomwachia mumewe, ili watoto wale. Aliporudi kutoka mnadani, alipita mbele ya nyumba hii ameshika kamba mbili tupu. Hakugeuza shingo.

Mwaka uliofuata, Jumatano ya Majivu, watu walikuwa kwenye foleni kanisani, matumbo matupu, na njaa ile haikuwa mfungo. Padri alipomkaribia Mama Jenoveva kumpaka majivu kwenye paji la uso, alisogea akapakwa kama wengine. Ila walipotoka nje akasema, na marehemu alikuwa nyuma yake na akasikia, "Mimi haya nilishapakwa mwezi wa tisa."

Tangu hapo Mzee Leodgar hakutulia. Alichukua kopo la mafuta ya kupikia, akatia majivu ya shambani, akatia na mizizi ya pamba iliyobaki bila kuungua, akaenda nalo Bunda kwenye ofisi za wilaya, mara nyingine kwa gari, mara nyingine kwa miguu mpaka apate lifti. Aliamini akimpata mtu mmoja wa kuinusa ile mizizi, atajua ni pamba. Mara ya kwanza askari wa getini alifungua kopo, akaruka. "Mzee, uganga wako uache nje. Hapa ni ofisi." Ndani waliangua kicheko. Mara ya pili walimkumbuka, wakamwita babu wa hirizi. Mara iliyofuata mtu mmoja mwenye huruma alimkalisha kwenye kiti, akamweleza kwamba fungu la maafa lilikwisha kufungwa, na kwamba yeye binafsi anamwamini kabisa. Marehemu alirudi akasema, "Leo nimepata anayeniamini. Kumbe haisaidii."

Alipokosa cha kuwapa watu, alitoa alichokuwa nacho. Tangu mwaka ule, mvua za kwanza zikinyesha, alifunga ng'ombe wake kwenye plau, akalima kwanza shamba la Mama Jenoveva, kisha ndipo alime lake. Kwa hiyo lake lilichelewa kila mwaka, na pamba ya kuchelewa mnaijua. Mama Jenoveva hakumsemesha. Aliweka kata ya uji kwenye kichuguu mwanzo wa tuta, akaenda zake. Marehemu alikunywa, akaisuuza kata, akairudisha juu ya kichuguu. Walikwenda hivyo miaka mitano.

Na kila Septemba aling'oa na kuchoma kama zamani, ila aliacha mistari mitatu kando ya njia. Watu walidhani amechoka, wengine wakadhani akili imeyumba. Alipoulizwa alisema, "Hii si yangu. Ni ya watu walionisikiliza. Wakaguzi wakija tena, wasiseme hawakuona." Na kwa kuwa alijua vizuri kwamba miti hiyo ni gesti ya funza, kila alfajiri baada ya sala alipita mstari kwa mstari, akawatoa funza kwa vidole, mmoja mmoja, akawaponda juu ya jiwe, wasivuke kwenda kwa jirani.

Mwaka 2001 mtendaji mpya wa kijiji alipita njiani, akaiona ile miti, akamtoza faini kwa kuvunja sheria ya kuchoma pamba. Marehemu aliuza beberu akalipa. Jioni akaketi na Mama Dafroza, akasema: "Nilipochoma sikulipwa. Nilipoacha nimelipishwa."

Mwezi Machi mwaka huu wa 2003 alipata kiharusi, upande wa kulia ukafa. Alitibiwa Musoma, wauguzi walimtunza vizuri na tunawashukuru, akarudishwa nyumbani mwezi wa tano. Maneno yake yalikuwa mazito, lakini Rozari aliimaliza kila siku. Eufrasia na mdogo wake Eliasi walivuna, wakang'oa, wakachoma, wakaiacha mistari mitatu kwa sababu aliinyooshea kidole. Hata alipokuwa hawezi kusimama, aliomba apelekwe pale kwenye kigoda, akawatoa funza kwa mkono wa kushoto.

Siku chache kabla hajafariki, Mama Jenoveva aliingia katika nyumba hii, mara yake ya kwanza tangu mwaka 1998. Alikaa kwenye mkeka karibu na kitanda. Kisha akasema, "Shemeji, mvua inakaribia. Mwaka huu plau yangu atanishikia nani?"

Marehemu alijitahidi mpaka jasho likamtoka, neno likatoka limevunjika: "Eufrasia."

"Mwanamke?"

Upande mmoja wa uso wake ukatabasamu. Mama Jenoveva akachukua kitambaa akamfuta mate, akasema, "Haya. Mwanamke." Habari ya majivu haikutajwa.

Alfajiri ya Jumatano, tarehe 29 Oktoba 2003, Mama Dafroza alipoamka kumgeuza, alimkuta amekwisha kwenda. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita.

Alhamisi asubuhi, wakati wanaume wanatafuta mahali pa kuchimba kaburi, Mama Jenoveva alionekana shambani amejifunga kanga kiunoni, anang'oa ile mistari mitatu. Hakuna aliyemtuma. Alimaliza wa kwanza, akamaliza wa pili, akarundika, akatia moto. Shida akasogea amsaidie wa tatu.

"Huo uache," akamwambia.

"Mama, si tunasafisha yote?"

"Hii miwili ilikuwa deni lake kwetu, limekwisha. Huo ni wa Serikali. Waje wauone."

Basi majivu mliyoyakanyaga mlipokuwa mnaingia ni ya ile miwili. Na mstari mmoja mliouona umesimama pale kando ya kaburi, msiseme nyumba hii ina uvivu. Tumeuacha kwa makusudi.

Marehemu ameacha mjane, Mama Dafroza. Watoto sita wakiongozwa na Eufrasia. Wajukuu kumi na wanane. Mdogo wake Skolastika aliyeolewa Butiama. Na shemeji yake Jenoveva. Ameacha pia watu wa kitongoji kizima waliomsikiliza siku moja, na mpaka leo hawajalipwa.

Ee Bwana, wewe unayeona hata mahali palipokwisha kusafishwa, mpokee mtumishi wako Leodgar, wala usimwulize pamba iko wapi. Umpe amani aliyoitafuta kwetu akaikosa.